Tuanzie mabegani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Kuna msomaji mwenzetu, kwa anavyoandika nadhani ni mtu wa Dar es Salaam, aliyesema alipita Mbeya mwezi wa Julai akakuta watu wamevaa kama wanahama nyumba: jaketi juu ya sweta, sweta juu ya shati, kitenge kiunoni, soksi ndani ya kandambili. Hapo nilicheka, maana soksi ndani ya kandambili ni kweli, hata sasa ninapoandika ninazo miguuni. Lakini alipoendelea kusema shida yetu ni mitumba, na kwamba anayetaka kupendeza aingie dukani anunue nguo mpya, nikaweka mkasi chini.

Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa. Nina miaka 26 katika kazi hii, na zaidi ya 20 nimekaa palepale pembeni ya wauza mitumba. Kazi yangu ni kupunguza, kufupisha na kurekebisha. Gauni za harusi nimewaachia wenye fremu.

Nianze na baridi, kwa sababu mgeni huwa haielewi. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai ukitoka Uyole saa kumi na mbili asubuhi kwenye bajaji, upepo unaingia mpaka kwenye matundu ya vifungo. Saa saba mchana jua linachoma na jaketi umelibeba mkononi. Njombe na Makete ndiyo usiseme. Mtu wa pwani akivaa asubuhi amemaliza. Sisi tunavaa alfajiri, tunavua saa nne, jioni tunavaa tena. Kwa hiyo huku kila nguo uliyoivaa lazima iweze kusimama peke yake mbele za watu. Nimewaona vijana wa ofisini wenye jaketi zuri kabisa, joto likipanda wanavua, ndani kuna fulana ya kampeni ya mwaka 2010 na mgombea amefifia amebaki meno.

Dawa si kununua jaketi nene zaidi. Vaa fulana ya pamba inayokaa mwilini, shati, sweta nyepesi, halafu koti. Na koti la mtumba ulipime ukiwa na sweta yako mwilini. Watu wanalipima na fulana mchana, linawakaa vizuri, asubuhi yake wakivaa na sweta mikono haikunjiki, wanatembea kama wamebeba ndoo mbili. Sweta yenyewe soma kibandiko chake shingoni. Pale sokoni sufu halisi na nailoni zinalala kwenye fungu moja kwa bei moja, ni macho yako tu. Ukiipata ya sufu, usiifue kwa maji ya moto, itasinyaa imfae mtoto wa chekechea. Wala usiianike kwenye kamba, itarefuka ikufike mapajani. Maji ya baridi, ikamue kwa kuiviringisha ndani ya taulo, kisha itandaze mkekani kivulini.

Sasa nije kwenye mabega, maana ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Wateja wangu karibu wote wanapochagua nguo huangalia rangi, wakaja kiuno, wakaja urefu. Wanaiacha sehemu moja tu ambayo mimi siwezi kuwasaidia kwa urahisi. Urefu wa suruali nafupisha kwa shilingi 2,000 ukiwa umesimama hapo hapo. Kiuno napunguza, na mara nyingi hata kuongeza naongeza, kwa sababu suruali nyingi za kiume zina akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma. Igeuze ndani nje utaiona. Shati lenye mwili mpana nalibana mbavuni kwa 3,000. Lakini bega likianguka chini ya bega lako, kulirudisha ni kufumua mkono mzima, kukata upya shimo la bega na kuushona mkono tena. Hiyo ni kazi ya nusu siku, na bei yake inapita ya shati lenyewe. Koti lenye pamba na bitana ndani ndiyo balaa zaidi, mimi silipokei. Mtu anafika amefurahi, koti zuri la kijivu amelipata kwa elfu kumi, mshono wa bega uko nusu ya njia kwenda kwenye kiwiko. Namwambia kaka, rudi ukabadilishiwe. Ananuna, anaona namharibia biashara ya jirani.

Kwa hiyo ukiinua shati kwenye fungu, tafuta kwanza ule mshono unaounganisha mkono na mwili. Ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Mengine yote njoo nayo kwangu.

Kuhusu kuachana na mitumba, mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana iondolewe ndani ya miaka mitatu. Nakumbuka hofu ya sokoni wakati ule, kila aliyefungua balo alikuwa anauliza itakuwaje. Marekani ikatishia kuzifungia nchi zetu mlango wa AGOA, yaani mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, nyingi zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu ile ya ushuru. Siingii kwenye siasa za viwanda. Ningependa sana pamba yetu ishonwe hapa hapa. Ninachokataa ni mtu kuniambia kuwa shati jipya la dukani, lililokatwa kwa vipimo vya mtu asiyejulikana, litakupendeza kuliko la mtumba lililopita kwa fundi. Yanaletwa kwangu mapya na bei zake bado zinaning'inia, nayapunguza vilevile.

Wala sisemi watu wasijali mavazi. Mwaka juzi nilikwenda ofisi moja hapa mjini, sitaitaja, kufuatilia karatasi za kiwanja. Nilitoka moja kwa moja kazini, nyuzi zimeniganda kifuani. Nikakaa kwenye benchi kuanzia saa tatu hadi saa saba, waliokuja nyuma yangu wakahudumiwa wakaondoka. Kesho yake nikavaa sketi ya kijivu, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi na viatu vya kufunika. Kijana yuleyule aliyeniacha benchini akasimama, "Shikamoo mama, karibu ukae." Dakika kumi nimemaliza. Hakunikumbuka hata kidogo. Siyo haki, na bado hasira haijaniisha. Lakini ile sketi niliinunua 3,000 na kuirekebisha mwenyewe usiku.

Niwaseme na mafundi wenzangu kidogo, watanisamehe. Vitenge vinavyopita Tunduma, mpakani na Zambia, ni vizuri, lakini kitenge cha pamba hakikatwi kabla ya kulowekwa. Mteja anachukua gauni Ijumaa, Jumapili linampendeza kanisani, Jumatatu analifua, Jumapili ya pili zipu haipandi tumboni. Anajilaumu amenenepa, maskini, kumbe kitambaa ndicho kilichorudi. Halafu kuna wanaokata ndege katikati. Kitenge kina ndege wakubwa, upande huu wa zipu kichwa, upande wa pili mkia wa ndege mwingine. Kulinganisha maua kunakula kitambaa zaidi, najua, basi mwambie mteja aongeze yadi moja.

Pasi nayo imenifundisha kwa maumivu. Umeme ulikatika, nikawasha ya mkaa, blauzi ya polista ya mama mmoja wa Mafiati iko mezani na anaisubiri kwenda nayo kwenye kipaimara. Sikuipima pasi. Niliiweka mgongoni mwa blauzi, nilipoiinua kitambaa kikaja nayo, kikaacha tundu la ukubwa wa shilingi mia. Nililipa, na nilimwazima blauzi yangu mwenyewe. Siku hizi pasi haigusi nguo ya mtu kabla sijaijaribu kwa ndani, kwenye pindo, na juu natandika kitambaa chenye unyevu. Suruali nyeusi napiga upande wa ndani, ndiyo maana hazing'ai magotini kama zimepakwa mafuta.

Viatu nitasema neno moja tu: watu wa Tukuyu. Kule mvua haina ratiba, lakini tazama wanavyoshuka kwenye gari hapa mjini. Gambuti miguuni, moka kwenye mfuko. Wanakaa kwenye ngazi ya duka, wanabadilisha, gambuti zinaingia mfukoni zikiwa na matope yake, na mtu anaingia benki viatu vinameta. Sisi wa mjini tunaruka madimbwi na moka, tunafika na madoa hadi magotini.

Nina mteja mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anakaa Iganzo. Ana mashati matatu meupe na tai mbili, na sijawahi kumwona hajachomekea. Mara ya kwanza alileta shati ambalo kola imechanika pale inapokunjwa, shingo inaposugua. Vijana waliokuwa wamekaa hapo wakamwambia mzee hilo tupa. Akanitazama mimi. Nikachukua wembe, nikafumua mshono pale jani la kola linapoingia kwenye ule ukanda wa shingoni, nikalitoa jani lote. Nikaweka alama ya katikati kwa chaki, nikaligeuza, upande uliochanika ukaenda chini, upande wa chini ambao jua halijawahi kuuona ukaja juu. Halafu nikapita na sindano kwenye matundu yaleyale ya zamani, polepole, kwa sababu ukikosea milimita tatu ncha moja ya kola itakuwa ndefu kuliko mwenzake na kila atakayeongea naye ataiona. Alilipa 4,000, akalivaa hapo hapo.

Mwaka huu mwezi wa Mei amerudi na lilelile, na upande wa pili nao umechanika. Nikamwambia mwalimu, shikamoo, kola hugeuzwa mara moja tu, haina upande wa tatu. Akanyamaza, akalishika shati akaliinua juu, akanionyesha mkia wake wa nyuma. "Huku chini kuna kitambaa kingi, mwanangu." Na kweli kulikuwa nacho. Nikakata kola mpya kutoka kwenye mkia, rangi ileile, weupe uleule uliofuliwa miaka ileile, na pale nilipokata nikaunga kipande cha shuka la bluu lenye maua, ndilo lililokuwa karibu.

Nikamuuliza kama hajali yale maua. Alikuwa ameshaanza kuchomekea.

Fundi cherehani,
Mwanjelwa, Mbeya