Watembezeni Mandhry kwanza, Ngomeni baadaye

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, nimezaliwa hapa na nyumba yetu haiko mbali na Ndia Kuu, kwa hivyo watalii tumewazoea tangu utoto, si watu wa kutushangaza. Lakini kuna jambo limenikaa kooni nikaona bora niliandike kuliko kila siku kuwapigia kelele wenzangu barazani.

Ilikuwa inakaribia alasiri. Tumekaa nje twanywa kahawa, hapo karibu na Msikiti wa Mandhry, likaja grupu la watu kumi na kitu na muongozaji wao, kijana mtanashati, ana beji kifuani na mwavuli wa kuinua juu wasimpotee. Akasimama mbele ya msikiti akawaambia kwa Kiingereza huu ni msikiti wa zamani, pigeni picha, dakika tatu halafu twende madukani. Basi, hiyo ndiyo historia. Wakapiga mnara, wakapiga mlango, wakapiga paka, halafu mama mmoja akamlenga mzee wetu aliyekuwa ameketi kivyake na tasbihi akingoja adhana. Mzee hakusema kitu. Alichukua gazeti, tena hili lenu, akalifungua lote akajificha uso, na miwani ya kusomea wala hakuwa nayo siku hiyo. Tulicheka lakini si kicheko cha furaha.

Mtalii mmoja ndio akauliza, ni wa lini huu? Muongozaji akajibu wa zamani sana. Sasa zamani sana ni lini? Nikamjibu mimi kutoka pale nilipokaa, 1570. Jamaa akapiga hesabu kichwani akaniuliza, kwani ni mkubwa kuliko Fort Jesus? Ndio bwana, miaka 23, maana Wareno walianza kuijenga hiyo Fort Jesus, sisi twaiita Ngomeni, 1593. Alishangaa mpaka akamuita mkewe. Na walikuwa wametoka huko huko Ngomeni, wamekaa saa nzima wakihadithiwa mizinga na Cairati yule Mtaliano aliyechora ramani, na hakuna hata mmoja aliyewaambia kwamba Mreno alipokuja kuchimba msingi wake watu wa Mvita walikuwa na misikiti karne na karne. Ibn Batuta, yule msafiri wa Moroko, alipita hapa 1331, akalala usiku mmoja tu akaenda zake Kilwa, na huo usiku mmoja ulimtosha kuandika kwamba misikiti yetu ni ya mbao imejengwa kwa ufundi, na mlangoni pana kisima, mtu aosha miguu kwanza kisha ajipangusa kwa kipande cha mkeka kabla ya kuingia. Miaka karibu mia saba! Hiyo stori ya mkeka ukimpa mgeni pale mlangoni, huku aona viatu vimepangwa na watu watawadha, ataikumbuka kuliko mizinga yote.

Kwa hivyo ninalotaka ni dogo, waongozaji wabadilishe njia. Waanzie Mandhry wamalizie Ngomeni. Ukianza na ngome mgeni atadhani mji ulizaliwa na ngome, na kila anachoona baadaye akiweka chini yake kama vile ni uani kwa Mreno.

Sisemi Ngomeni pasiende watu, la hasha, ni urithi wa dunia tangu 2011 na watu wengi hapa wapata riziki kwa sababu yake. Tena hata huko ndani mambo ya dini yako tele na hayasemwi. Jina lenyewe ni la Nabii Issa, na sisi Waislamu ndio majirani wake siku zote hizi. Kuna mabaki ya kanisa la Wareno, watu wayapita wakikimbilia kupiga selfi baharini. Na kuna ile habari ya 1631 ya Yusuf bin Hassan, mfalme wetu aliyelelewa Goa akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, akarudi akawageukia Wareno, akaiteka ngome na kuwaua waliokataa kuacha Ukristo. Kwa Mkatoliki hapo si gofu tu, hapo walikufa mashahidi wake. Kwetu hadithi yake yasimuliwa vingine. Mpeni mgeni zote mbili aondoke na kichwa kinauma kidogo.

Najua kuna wenzangu hawataki wageni karibu na misikiti kabisa, ami yangu ni mmoja wao, yuwasema msikiti si makumbusho. Yuko sawa. Lakini hapana mtu aliyesema waingie ndani, historia yasimulika hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Muongozaji amuone imamu kwanza, asije wakati wa swala wala Ijumaa mchana, na aliyevaa kaptula apewe leso ajifunge, kina mama wa hapa wazikodishe wapate chochote. Mbona pale hekalu la Wajaini, wale wa dini ya Kihindi, mtaa wa Langoni, lile la marumaru nyeupe la 1963, mtu avua viatu na mshipi wa ngozi auacha nje na hakuna mzungu anayenung'unika? Na ile kathedrali ya Waanglikana Nkrumah Road, ya 1905, ina kuba mpaka mgeni adhani ni msikiti, si ingeingizwa nayo kwa hiyo hiyo safari, ni mwendo wa miguu tu.

Sitaji kampuni wala kijana, pengine yeye mwenyewe hivyo ndivyo alivyofundishwa. Akitaka aje barazani jioni yoyote, kahawa juu yangu, kashata ajinunulie.

Yule mzee bado akaa pale pale kila alasiri. Gazeti sasa yuwalibeba kila siku, hata likiwa la juzi.

Mkaazi wa Mji wa Kale,
Mombasa