Bastola ya kaliba adimu ianze kuchaguliwa kwa risasi zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzetu wa Anchorage, ambaye hivi karibuni aliandika kwamba anajiandaa kununua bastola ya .41 Magnum (hiyo ndiyo kaliba yake, yaani ukubwa wa risasi inazotumia, ukihesabiwa kwa sehemu za inchi) ili ajikinge na dubu anapokwenda kuvua samaki, na akaomba ushauri wa wasomaji wengine wanaoishi Alaska. Mimi nimeishi katika kisiwa cha Kodiak kwa miaka 16, nikifanya kazi katika kiwanda cha samaki na kuvua samoni mitoni siku za mapumziko, na bastola ya kaliba hiyo hiyo niliimiliki kwa miaka mitano. Ushauri wangu ni kwamba asiinunue, au tuseme asiinunue kabla hajaweka ndani risasi 500 za kaliba hiyo na kujua kwa uhakika atakapopata nyingine 500.

Siidharau silaha yenyewe, kwa sababu .41 Magnum ni kaliba nzuri ambayo ilikosa bahati. Smith & Wesson, kampuni ya silaha ya Marekani, walipoitoa mwaka 1964, kusudi lilikuwa kuziba pengo lililokuwapo kati ya .357 Magnum ya mwaka 1935, ambayo wawindaji wengi waliiona nyepesi kwa wanyama wakubwa, na .44 Magnum ya miaka ya 1950, ambayo iliwashinda watu wengi mkononi. Walitengeneza Model 57 kwa ajili ya wawindaji, na Model 58, iliyokuwa rahisi na isiyo na mapambo, kwa ajili ya polisi. Majiji machache yaliichukua, San Antonio likiwa mojawapo, lakini askari wa kawaida, ambaye hupiga shabaha mara chache kwa mwaka, aliiona nzito kiunoni na kali mkononi. Na mwindaji aliyekwisha kukubali ukali wa namna hiyo aliona afadhali amalizie safari kwa kununua .44 kabisa. Basi kaliba ikabaki katikati, ikipendwa sana na watu wachache, na kaliba inayopendwa na watu wachache hutengenezewa risasi chache.

Jambo hilo nililisoma vitabuni baadaye, lakini nililijua kwanza kwa mfuko wangu. Muuzaji wa duka moja alinihakikishia kwamba risasi za .41 hazina shida, nami nikanunua bastola iliyotumika pamoja na maboksi mawili ya risasi 50, nikaondoka nimeridhika. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri, ingawa kila boksi lililazimika kuagizwa na lilikuwa ghali. Ulipofika mwaka 2020, janga la korona likaja na watu Marekani nzima wakakimbilia madukani kununua silaha na risasi, viwanda vikaelekeza mitambo yake kwenye zile zinazonunuliwa kwa wingi, hasa za milimita 9, na rafu za kaliba adimu zikabaki tupu. Nilihesabu risasi zangu nikakuta zimesalia 31. Nilifanya hesabu ambayo nadhani kila mtu angeifanya, nikaamua kuzitunza kwa ajili ya hatari ya kweli na nikaacha kwenda kwenye uwanja wa shabaha.

Uamuzi huo ndio ninaoujutia. Majira ya joto yaliyofuata, nikiwa ukingoni mwa mto na samaki wawili kwenye kamba, dubu jike mwenye watoto wawili alitoka kwenye vichaka umbali wa hatua kama 25 akasimama kunitazama. Nilishika mpini wa bastola, na wakati ule ule nikakumbuka kwamba ulikuwa umepita mwaka na zaidi tangu nifyatue risasi hata moja. Mkono niliokuwa nimeuzoeza kwa gharama kubwa haukuwa mkono wangu tena. Dubu aligeuka akaondoka na watoto wake, nami namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile siwezi kumsikia mtu akisifu nguvu ya bastola bila kumuuliza anapiga risasi ngapi kwa mwezi.

Mwenzetu ameandika kwamba rafiki zake wanamshauri achukue bastola ya milimita 10, na kwamba yeye anaiona kuwa ya mtindo tu. Hapa nadhani amekosea, na historia ya kaliba hiyo inafaa kuelezwa. Ilianza mwaka 1983 pamoja na bastola iliyoitwa Bren Ten, ya kampuni ndogo ya Dornaus & Dixon, na risasi zake za mwanzo zilitengenezwa na kiwanda cha Norma cha Sweden, zikiwa na uzito wa greni 200, yaani karibu gramu 13, na mwendo wa takribani mita 366 kwa sekunde. Kampuni ilifilisika mwaka 1986, na kaliba ingezikwa nayo kama kampuni ya Colt wasingetoa bastola yao ya Delta Elite mwaka 1987. Wakati huo FBI, yaani polisi wa upelelezi wa shirikisho la Marekani, walikuwa bado wanauguza jeraha la Aprili 11, 1986, siku ambayo wapelelezi wao wawili waliuawa na watano kujeruhiwa katika mapambano ya risasi huko Miami, nao wakawa wanatafuta risasi inayopenya zaidi. Wakaichagua milimita 10, lakini wakapunguza baruti yake kwa sababu ile ya nguvu kamili iliwasumbua wapigaji wengi. Wahandisi wakaona kwamba nguvu hiyo iliyopunguzwa haihitaji ganda refu kiasi kile, wakalifupisha, na mwaka 1990 ikazaliwa .40 S&W, ambayo ilienea katika vituo vya polisi na kuiacha mama yake nyuma kwa miaka mingi.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu athari zake zimo ndani ya maboksi yanayouzwa hadi leo. Risasi nyingi za bei nafuu zilizoandikwa milimita 10 zimejazwa baruti kwa kiasi kinachokaribia kile cha .40, utakuta risasi ya greni 180 ikienda mita 314 hivi kwa sekunde, ambayo ni nguvu ya juli 575 (juli ni kipimo cha nishati), ilhali ile ya asili ya Norma ilikuwa inakaribia juli 870. Mtu anaweza kubeba bastola kubwa ya milimita 10 miaka mitatu akiamini ana nguvu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Mwendo na uzito huandikwa kwenye boksi, na mnunuzi anapaswa kuvisoma vyote viwili kabla ya kutoa fedha. Atazame pia umbo la risasi yenyewe: ile yenye tundu puani, ambayo hufunguka kama ua inapoingia mwilini, imekusudiwa binadamu na hukwama mapema katika mafuta na misuli ya dubu, inayohitajika huku ni ile ya risasi nzito iliyotiwa ugumu, yenye pua bapa, ambayo haifunguki bali hupenya moja kwa moja hadi kwenye mfupa.

Kwa sasa milimita 10 imerudi, nayo imerudi kupitia watu wa porini. Glock 20, bastola ya kaliba hiyo, hubeba risasi 15 kwenye magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingizwa kwenye mpini, na askari wa Denmark wa kikosi cha Sirius, wanaozunguka kaskazini-mashariki mwa Greenland kwa sleji zinazovutwa na mbwa, hubeba bastola hiyo kama kinga dhidi ya dubu weupe. Hapa kisiwani kwetu nimeikuta madukani hata wiki ambazo .41 haikuwapo kabisa. Ni kaliba isiyo ya kawaida bado, ukiilinganisha na milimita 9, lakini imevuka mto ambao .41 haikuuvuka.

Ikiwa mwenzetu anapendelea bastola ya silinda, yaani ile inayobeba risasi kwenye silinda inayozunguka, na sababu za kuipendelea zipo, kwa mfano kwamba haiwezi kuzuiliwa kufyatuka kwa kugandamizwa kwenye mwili wa mnyama kama inavyoweza kutokea kwa bastola ya magazini pale sehemu yake ya juu inaposukumwa nyuma, basi ninamwomba aitazame .44 Magnum. Silinda yake hupokea pia risasi za .44 Special, ambazo ni fupi na tulivu, hivyo mtu anaweza kufanya mazoezi kwa risasi za upole na kubeba kali anapokwenda mtoni. Vivyo hivyo .454 Casull, ambayo kwa risasi zake nzito huzidi juli 2,000, hupokea .45 Colt. Lakini hiyo .454 nimewahi kuipiga, na baada ya risasi sita sikuitaka ya saba. Mkono ulitetemeka, na risasi ya pili haikuwa popote karibu na ya kwanza. Dubu anayekuja kwa mbio hampi mtu muda wa kuutuliza mkono.

Nisingependa pia mwenzetu adhani kwamba kaliba ndiyo swali la kwanza. Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero, waliokusanya matukio ya Alaska kwa miaka mingi, walitoa mwaka 2008 taarifa kuhusu dawa ya pilipili ya kupulizia, na ikaonekana kwamba katika matukio yaliyohusu dubu wa kahawia ilizuia tabia mbaya ya mnyama mara 92 kati ya 100. Mwaka 2012, wao na wenzao walitoa taarifa nyingine kuhusu silaha za moto, na bastola zikafanikiwa kwa asilimia 84. Siyasomi matokeo hayo kama mashindano, kwani matukio yaliyokusanywa hayakufanana, na mengi katika ile ya dawa hayakuwa ya dubu aliyekwisha kushambulia. Ninachokiona ni kwamba kopo la dawa halihitaji kulenga kwa usahihi kama risasi, wala halimwachi mtu na dubu aliyejeruhiwa vichakani. Mimi hubeba vyote, dawa kifuani na bastola ubavuni. Ajue tu kwamba kopo hilo haliruhusiwi katika ndege za abiria, hata kwenye mizigo, kwa hiyo akija huku anunue papa hapa.

Sheria nayo inadai ukurasa wake. Dubu akiuawa kwa kujilinda Alaska, ngozi pamoja na fuvu lake ni mali ya jimbo, na aliyemuua analazimika kumchuna, kuvikabidhi na kuandika taarifa. Tena utetezi huo haumfai aliyemchokoza mnyama au aliyeacha taka na chakula ovyo. Kuhusu umiliki, mwenzetu hakutaja ana hadhi gani ya uhamiaji. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua kama raia, akipita uchunguzi wa rekodi zake unaofanywa dukani, na kwa bastola awe ametimiza miaka 21. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa hata kushika silaha, isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kujaza uongo katika fomu ya dukani ni kosa la jinai la shirikisho, na kwa mhamiaji kosa la namna hiyo linaweza kumrudisha kwao. Nimewasikia vijana wetu wakichukulia jambo hili kwa wepesi, na linanitia hofu kuliko dubu yeyote.

Mwisho, Ndugu Mhariri, anwani yangu unayo. Mwenzetu akiwa na haki ya kushika silaha na akapata nafasi ya kuja Kodiak kabla samoni hawajaanza kupanda mitoni, tafadhali mpatie. Nitakwenda naye kwenye uwanja wa shabaha nikiwa na milimita 10 yangu, na jirani yangu mmoja amekubali kuja na .44 yake. Apige kila moja risasi 20, tano za mwisho kwa mkono mmoja tu, kisha atazame karatasi za shabaha mwenyewe.

Msomaji wako,
Kodiak, Alaska