Redio ya HF ya bei ya wastani: angalia stima ya nyumbani kwanza

Anayetaka kuweka kituo cha redio ya ridhaa ya HF, yaani mawimbi mafupi, nyumbani kwake huja dukani kwetu Kisumu na majina mawili kwenye simu: Icom IC-7300 na Yaesu FT-710. Anataka aambiwe ipi ni bora. Zote mbili zina wati 100, zina tyuna ndani (kifaa cha kulinganisha redio na antena), zina skrini ya kugusa inayokuonyesha mawimbi yaliyoko hewani na yako kwenye masafa gani, na huunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja wa USB, kwa hiyo ukitaka FT8, yaani kuwasiliana kwa ujumbe mfupi kupitia kompyuta, huhitaji kisanduku kingine. Ya Icom ilitoka 2016, ya Yaesu 2022. Ukinibana nichague, nitakuambia chukua utakayoipata ikiwa na dhamana inayoeleweka. Masikio yako hayatazitofautisha, maana kinachowasumbua wateja wetu huku ni kelele na volti.

Tuanze na kelele. Kabla hujatoa hata shilingi, azima kipokezi cha mawimbi mafupi, kiendeshe kwa betri, ukiache kwenye bendi ya mita 40 (karibu megahezi 7), kisha uzime swichi kuu ya nyumba. Tulifanya hivyo kwa mwalimu mmoja mkazi wa Mamboleo aliyeamini kwamba redio yake imekufa. Stima ikiwepo, kipimo cha S, kinachoonyesha nguvu ya kinachopokelewa, kilikuwa kimesimama S8 na hakishuki. Tulipozima swichi kuu kikaanguka hadi S3, na papo hapo sauti za watu zikaanza kusikika. Tukarudisha stima chumba kwa chumba. Mkosaji alikuwa chaja ndogo ya simu iliyochomekwa nyuma ya kabati, ile inayouzwa barabarani kwa bei ya chai na mandazi. Hakuna redio ya dola elfu moja, wala ya elfu tano, ambayo ingemsikilizisha kituo dhaifu chini ya ule mvumo. Inveta za sola na balbu za LED za bei rahisi zina tabia hiyo hiyo.

Ndiyo maana huwa siwasukumi wateja kwenye jedwali maarufu la Rob Sherwood wa Marekani, linalopanga vipokezi kwa jinsi vinavyostahimili kituo chenye nguvu kilicho kilohezi 2 tu pembeni. Ni kazi nzuri sana, na anayeshiriki mashindano akiwa Ulaya anaihitaji. Sisi wenye 5Z4, yaani vituo vya ridhaa vya Kenya, tu wachache. Jirani wa kukufunika si rahisi kumpata. Palipo na tatizo ni mita 40 usiku. Katika ukanda wetu wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, bendi hiyo ya ridhaa inaishia megahezi 7.2, na juu yake wanaanza watangazaji wa kimataifa wenye mitambo mikubwa. Kwenye IC-7300 ukiona herufi OVF zinawaka, maana yake kipokezi kimezidiwa; punguza RF gain, yaani ukali wa upokeaji, na mambo yatatulia.

Sasa volti. IC-7300 imeundwa kwa volti 13.8, ikiruhusu asilimia 15 juu au chini, kwa hiyo mwisho wake wa chini ni kama volti 11.7. Ikitoa wati 100 inaweza kuvuta ampea 21. Chukua waya wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za nyumbani, utoe betri mita 4 kutoka mezani. Ampea 20 zikipita, zaidi kidogo ya volti 1 inapotea njiani. Betri ya gari iliyokuwa na 12.5 inafika kwenye redio ikiwa 11.4, na hapo redio inazima au sauti yako inakwaruza kila unapotamka neno kwa nguvu. Mteja anarudi akisema redio mbovu. Nunua waya mnene, uwe mfupi, weka fyuzi karibu na betri. Betri ya lithiamu ya chuma-fosfeti ni ghali lakini haishuki volti haraka, na stima ikikatika jioni hutagundua.

Wenye jamaa Marekani huletewa redio kwenye begi, na hapo kuna mitego miwili. Mmoja ni pawa saplai ya volti 120: ikichomekwa kwenye 240 zetu, moshi. Angalia kama ina swichi ya nyuma ya kuchagua volti, au iache huko huko. Wa pili ni kwamba redio ya soko la Marekani inaruhusu kurusha hadi megahezi 7.3. Haitakuzuia; leseni ndiyo inayokuzuia. Na mzigo ukipita forodhani, weka akilini ushuru, VAT ya asilimia 16 na ada nyinginezo kabla ya kusema umepata bei ya kutupwa.

Kama mfuko haufiki? Yaesu FT-891 ina wati 100 na bei yake ni ya chini, ila haina tyuna ndani wala kadi ya sauti ya kuunganisha na kompyuta, na ukishavinunua hivyo viwili pengo la bei linakuwa dogo. Xiegu G90 ina wati 20 na tyuna inayovumilia hata antena isiyolingana vizuri. Tofauti ya wati 20 na 100 ni desibeli 7, zaidi kidogo ya hatua moja ya kipimo cha S. Yule mwalimu alipata karibu hatua tano kwa kung'oa chaja.

Pesa itakayobaki ipeleke juu ya paa. Waya wa mita 20 unaolishwa mwishoni, wenye transfoma ya 49 kwa 1, utakupa bendi za mita 40, 20, 15 na 10. Usiulaze juu ya mabati. Upandishe kutoka ukingoni hadi kwenye mti au mlingoti. Na mchana wingu likianza kujikusanya upande wa ziwa, chomoa antena. Usingoje ngurumo.

Ukija, beba nakala ya leseni yako ya Mamlaka ya Mawasiliano, maana bila hiyo hatuuzi kitu kinachorusha, pamoja na picha ya paa na kiwanja chako. Vipimo vya kelele tunakuja kufanya nyumbani, ndani ya Kisumu, Maseno na Ahero, na ukinunua redio kwetu hatukutozi.