Mheshimiwa, mshanisema vya kutosha. Sasa nifunzeni kutengeneza maziwa ya mtoto

Kwako Mheshimiwa unayesimamia afya ya mama na mtoto hapa kwetu Mombasa,

Assalam aleikum. Kama salamu hii si yako, basi hujambo, na zote mbili nazileta kwa heshima.

Jina lako silitaji. Wewe mwenyewe wajijua, na sitaki barua hii igeuzwe ya siasa. Mimi ni dereva wa tuktuk, naishi Kisauni, nina watoto wawili. Huyu mdogo ndiye amenifanya nishike kalamu. Tangu azaliwe nimekuwa nataka kukuandikia na mke wangu ananizuia, ati watu wa serikali wana kazi nyingi, tusubiri. Nimesubiri. Wiki iliyopita subira imeniisha.

Nilimpeleka mtoto kliniki kwa sindano za wiki 10. Nilikwenda peke yangu kwa sababu mamake kwa sasa hawezi foleni. Nikakaa kwenye benchi na kina mama, mtoto akaanza kulia, nikatoa chupa ya maziwa ya kopo, yale ya unga. Nesi akaja akaitwaa mkononi mwangu, akaiinua juu benchi zima likaiona. Akauliza kwa sauti: "Baba, hii ni nini? Mamake yuko wapi? Amekataa kunyonyesha, ama aogopa umbo litaharibika?" Watu wakacheka. Mtoto naye analia, maziwa yako juu hewani.

Mheshimiwa, mke wangu yuko kwenye matibabu, na dawa anazopewa haziendi pamoja na kunyonyesha. Aliyemwambia aache ni daktari, tena wa serikali yenu hiyo hiyo, na ameandika kwenye kijitabu cha kliniki kwa mkono wake. Ugonjwa wenyewe ni wa mke wangu, sikuutaja mbele ya benchi lile na hapa pia siutaji. Nilisema tu, "Sista, soma kijitabu." Kijitabu hakikufunguliwa.

Hayo ningeyameza. Mombasa tumezoea kusemwa. Lililonikaa kooni ni lililofuata. Nilimwambia, kwa adabu: haya sista, umeshanisema, sasa basi nionyeshe namna ya kuyatengeneza haya maziwa nisije nikamdhuru mtoto. Akanijibu: "Hapa hatufundishi mambo ya kopo. Sheria imekataza."

Sheria ipi, Mheshimiwa?

Nina simu na nina muda wa kungoja abiria, kwa hiyo nimesoma. Ipo sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inayodhibiti vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Sheria nzuri. Imekuja kuwafunga kamba wenye makampuni, wasitangaze makopo yao, wasigawe ya bure kuwanasa kina mama, wasijipenyeze hospitalini. Mimi si kampuni. Sheria hiyo imefuata kanuni za kimataifa zilizopitishwa na Mkutano wa Afya Duniani mwaka 1981, na humo humo mna kifungu kinachosema kuonyesha namna ya kumlisha mtoto maziwa ya kopo ni kazi ya wahudumu wa afya, au wahudumu wa jamii ikibidi, na waonyeshwe wale wazazi na jamaa wanaolazimika tu, pamoja na kuelezwa wazi hatari za kuyatengeneza vibaya. Hao wanaolazimika ndio mimi. Mhudumu wa afya ndiye yule nesi. Hatari za kuyatengeneza vibaya ndizo nilizokuwa naziuliza. Sasa kifungu kilichoandikwa kunilinda kimegeuzwa fimbo ya kunipigia, na sijui nani aliyewaambia wauguzi wako hivyo. Nadhani ni semina. Mtu huenda semina siku mbili akarudi na neno moja tu, "kopo ni haramu", mengine yakabaki hotelini kwenye chai ya saa nne.

Kisha siku ile ile mtoto akapewa matone ya kumkinga na virusi vya kuhara. Nashukuru sana. Lakini nikawa najiuliza njia nzima: wamempa kinga ya kuhara mkono huu, na mkono huu wamekataa kuniambia namna ya kutomtia kuhara kwa chupa.

Nisieleweke vibaya. Sipingi maziwa ya mama, na hakuna mwenye akili anayeyapinga. Mtoto wetu wa kwanza alinyonya miaka 2 na hajui chupa. Kuta za kliniki yako zimejaa picha za kina mama wakinyonyesha, kila mmoja anatabasamu, na kila tarehe 1 hadi 7 Agosti mnatufanyia wiki ya unyonyeshaji na fulana zinagawiwa. Vizuri. Ila serikali inayomwambia mama anyonyeshe miezi 6 bila kuongeza kitu kingine ndiyo iliyoandika kwenye Sheria ya Ajira ya 2007 kwamba likizo ya uzazi ni miezi 3. Ile miezi 3 iliyobaki mama aipate wapi? Na hiyo ni ya mwenye barua ya kazi. Kina dada ninaowabeba alfajiri kuwahi vibarua vya viwandani, wengine wamerudi kazini kidonda cha kujifungua hakijapona, maana kibarua hakina likizo, ukikosa jina lako anaandikwa mwingine. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Nimewauliza abiria wangu. Wengine wamedhani natania.

Kwa hiyo wapo watoto wa kopo mtaani, Mheshimiwa, picha za ukutani zitake zisitake. Yuko wa mama aliyefariki. Yuko wa mama aliyekwenda Saudia akamwacha kwa bibi. Yuko wa pacha ambaye maziwa hayakutosha wawili. Na yuko ambaye mamake ameamua tu, na huyo pia mtoto wake ana haki ya kutokuhara. Sisi tulitaka kupata jirani amnyonyeshe, bibi yetu akatukumbusha kwamba kwa dini yetu ya Kiislamu, akishanyonyeshwa pale watoto wa nyumba ile watakuwa ndugu zake, kuoana ndiyo basi tena. Jirani mwenyewe alikuwa tayari, mumewe ndiye alitaka kwanza kufikiri. Bado anafikiri.

Na aibu inaongeza madhara. Ukionekana na chupa huku kwetu, watu washakupima damu kwa macho: "yule ana virusi". Wala si kweli hata kwa kipimo chenu, maana mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa zake vizuri mnamshauri anyonyeshe. Lakini kwa sababu ya minong'ono hiyo wazazi wanatengeneza chupa kwa kujificha, usiku, bila kumuuliza mtu, na kinachofanywa kwa kujificha hakirekebishwi. Yuko mama mmoja jirani anaongeza maji ili kopo lifike mwisho wa wiki. Kopo la gramu 400 kwa mtoto wa umri huu halifiki, hata uliombee. Basi vijiko vinne vinakuwa viwili na nusu, mtoto ananywa maji yenye rangi ya maziwa, anakonda, na akipelekwa kliniki mamake anagombezwa. Mwezi jana mtoto wake alilazwa kwa kuhara. Sijui kama ni maji au ni chupa au ni vyote viwili, ila najua hakuna aliyemuuliza, "Hebu nionyeshe unavyotengeneza."

Mimi nilijifunza mwenyewe kwenye simu, kutoka kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na nilishtuka. Nilidhani unga wa kopo ni safi kwa kuwa umefungwa kiwandani. Kumbe usafi wake haujakamilika. Unaweza kuwa na vijidudu, salmonela na vingine vinavyoitwa kronobakta, ambavyo kwa mtoto mchanga ni hatari ya kifo. Ndiyo maana maji yanatakiwa yawe ya moto, yasipungue nyuzi 70, wakati wa kuchanganya. Moto ule ndio unaoua kilichomo kwenye unga. Karibu kila mtu ninayemjua anafanya kinyume: anachemsha maji, anayaacha yapoe kabisa, kisha ndipo anatia unga. Anadhani amefanya usafi, na kwa maji amefanya kweli, kwa unga hakufanya kitu.

Sasa nikueleze saa nane za usiku kwangu. Chupa, nyonyo na kifuniko vimeshaoshwa kwa brashi na sabuni, vikachemshwa vimezama kwenye sufuria yenye kifuniko. Naosha mikono. Nawasha gesi, birika linachemka, nazima, naangalia saa: nikichelewa kupita nusu saa maji yashapoa chini ya kile kiwango. Maji kwanza kwenye chupa hadi alama, ndipo unga, kwa kijiko cha kopo lile lile, nakwangua juu kwa mgongo wa kisu kiwe sawasawa, sishindilii. Nafunga, natikisa, nazamisha chupa kwenye beseni la maji baridi, maji yasifike shingoni. Nadondosha matone upande wa ndani wa kifundo cha mkono wangu, penye mshipa. Yakiwa vuguvugu, haya. Akibakisha, namwaga, hata roho ikiniuma, maana yakishakaa muda wa saa mbili kwenye joto hili la Mombasa vijidudu vimeshazaana. Wenzangu wanabeba chupa iliyokwisha kutengenezwa tangu asubuhi, wanavuka nayo Likoni, foleni ya feri na jua la utosini, mtoto anaipata adhuhuri. Hakuna aliyewaambia wabebe maji moto mbali na unga mbali. Hakuna aliyewaambia kwamba kikombe kidogo kisicho na kona ni rahisi kusafisha kuliko chupa, na mtoto mchanga aweza kunyweshwa kwa kikombe. Haya mambo yatachukua nesi dakika ngapi kuyaonyesha? Kuninyanyulia chupa kulichukua muda mrefu zaidi.

Na maji. Samahani, kwa maji nitapandisha sauti kidogo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Ulipokuja mtaani kwetu na wenzako mkasema mfereji utatoka, tulipiga makofi. Mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika mtungi. Najua maji yetu hutoka mbali, Baricho, Mzima, Marere, Tiwi, yote nje ya kaunti, na bomba la Mzima ni la tangu wakati wa mkoloni. Najua. Lakini mfereji wetu ukitoa hewa wiki nzima, mimi nanunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni na sijui ameuteka wapi. Visima vyetu vingi ni vya chumvi. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi hakuiondoi, na figo za mtoto mchanga haziwezi chumvi ile. Basi nanunua maji ya chupa ya dukani kwa ajili ya kumchanganyia, hayo pia nayachemsha, na ya mtungi tunayaoshea. Hesabu hiyo nafanya kabla ya petroli, kabla ya dawa za mke wangu. Siku nyingine tuktuk inalala.

Sikuombi maji leo. Ningekuomba maji ungeniambia bwawa linajengwa, na mimi mtoto wangu hawezi kungoja bwawa.

Nakuomba meza. Meza moja kwenye chumba cha pembeni, si kwenye benchi mbele za watu, yenye birika, beseni, chupa, kikombe, na kopo lililobanduliwa jina ili kampuni isinufaike. Siku moja kwa wiki. Mzazi ambaye kijitabu chake kimeandikwa kwamba mtoto hanyonyi, kwa sababu yoyote ile, aitwe pale aonyeshwe, kisha atengeneze mwenyewe nesi akimtazama. Wahudumu wa jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba wafunzwe hivyo hivyo. Na umwandikie kila nesi wako barua fupi, fupi kuliko hii yangu, umwambie kwamba kufundisha si kutangaza biashara, na kwamba chupa ya mtoto wa mtu haiinuliwi juu. Nimeomba mambo matatu, naona. Ukishindwa yote, lile la meza.

Nesi yule simchukii, na jina lake sitalitoa hata ukiniita. Alikuwa peke yake na foleni imefika nje ya geti. Nadhani naye kachoka, na anayechoka humtolea machovu yake aliye karibu. Siku ile alikuwa karibu nami.

Sindano zinazofuata ni za wiki 14. Nitakuja. Birika nitalibeba mwenyewe, unga wangu, kikombe changu, maji yangu ya kununua. Naomba nimkute mtu wa kunitazama ninavyotengeneza, aniambie kama nimepatia.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Baba wa mtoto wa kopo,
Kisauni, Mombasa