Barua ya wazi kwa vijana wa Mombasa mliorudi kutoka safari za baiskeli

Wanangu,

Asalaam aleikum, na kwa wenye salamu nyingine, hamjambo nyote.

Safari ya baiskeli ya kuchangia nyumba, ile ya kuendesha masafa marefu na kusimama njiani kusaidia kujenga, humpa kijana ratiba. Kuamka saa kumi alfajiri, chai, kukagua breki, kilomita 80 kabla jua halijawa kali, na kesho yake koleo mkononi. Mkirudi mjini ratiba hiyo hukatika siku moja, kila mtu akarudi kwa kazi yake au kwa kuitafuta kazi, na ndipo vikundi vingi vinapofia. Havifi kwa ugomvi. Vinafia kwenye gumzo la simu, picha zile zile zikizungushwa mpaka watu wananyamaza mmoja mmoja.

Nawaomba jambo moja: rudini kwenye nyumba mlizojenga. Zirudieni kila mwaka, kwa tarehe inayojulikana, na kikundi chenu kizunguke juu ya safari hiyo.

Huko Marekani, ambako vijana wamekuwa wakivuka nchi kutoka bahari hadi bahari kwa baiskeli na kusimama njiani kujenga, kazi nyingi hufanywa pamoja na mashirika kama Habitat for Humanity, lililoanzishwa na Millard na Linda Fuller mwaka 1976 mjini Americus, Georgia. Kwa utaratibu wao mwenye nyumba hutoa saa zake za kazi kwenye ujenzi, kisha hulipa mkopo wa masharti nafuu. Kwa hivyo yule mama mliyemjengea msimwendee kama mtu wa kuhurumiwa. Mlichanganya zege naye. Pigeni hodi, ulizeni hali, kamera ziacheni mfukoni, mwombeni awaonyeshe panapovuja.

Na patavuja. Nyumba ya pwani huliwa na chumvi, jua na mvua ya masika kwa pamoja. Anzeni juu ya paa. Msumari wa mabati hupigwa kwenye mgongo wa wimbi. Kazi ya watu wengi wenye haraka huacha misumari mingine bondeni, na bondeni ndiko maji yanakopita. Washa ya mpira chini ya kichwa cha msumari hupasuka kwa jua baada ya miaka michache. Msumari uliolegea usipigiliwe tena mahali pale pale, tundu litapanuka tu. Ung'oeni, tieni skrubu nene zaidi yenye washa mpya. Tazameni pia mabati yanapopandana kwenye ncha: yakipandana chini ya sentimita 15, mvua ya upepo itaingia.

Kisha shukeni kwenye ukuta, sehemu ya chini kabisa. Plasta ikimenyeka na kuacha unga mweupe, hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu. Mara nyingi sababu ni mchanga wa ufuo uliochanganywa kwenye saruji ili kuokoa pesa, au udongo wa uani uliorundikwa mpaka ukapita juu ya karatasi ya kuzuia unyevu, ile inayolazwa kati ya msingi na ukuta. Kupaka rangi juu yake ni kutupa pesa. Ondoeni udongo ushuke sentimita 15 chini ya karatasi ile, bandueni plasta mpaka mwone tofali, osheni kwa maji yasiyo na chumvi, acheni pakauke, ndipo mpige plasta mpya: saruji ndoo moja kwa mchanga wa mto ndoo nne. Mwagieni maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Hapa ndipo wanaojitolea hukosea zaidi, maana huondoka Jumapili jioni, na plasta isiyomwagiwa maji kwa joto letu hupasuka. Kabla hamjaondoka, mpangeni jirani mmoja wa kumwaga maji, na mumlipe.

Kuna jambo zito kuliko paa. Mombasa ina nyumba bila ardhi, na nyinyi ni wenyeji, mnaelewa: ukuta ni wangu, kiwanja ni cha mwingine, nalipa kodi ya ardhi kila mwezi, na siku mwenye shamba akiuza, nyumba inavunjwa. Msichangie hata mfuko mmoja wa saruji kwa nyumba mpya kabla hamjafanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, mkaona jina la mwenye ardhi na kama kuna zuio. Familia ikiwa ni mpangaji wa kiwanja, pawe na mkataba wa maandishi unaotaja miaka, wenye mashahidi, na jina la mke liwemo pamoja na la mume. Mkikosa hayo, bora pesa zenu ziende kwenye paa la nyumba ambayo tayari ina usalama.

Kuhusu pesa nitasema kifupi. Jisajilini chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, inayotaka watu wasiopungua 10. Afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo atawaelekeza. Mchango usipitie simu ya mtu binafsi hata awe mwaminifu vipi, maana siku simu ikipotea au akifariki, kikundi na familia yake vitagombana. Watu 30 wakitoa shilingi 200 kwa mwezi ni shilingi 72,000 kwa mwaka. Theluthi mbili ziende kwenye ukarabati, theluthi iwe ya dharura za wenzenu: ajali, msiba, kitanda cha hospitali. Hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu.

Baiskeli nazo zisioze. Endesheni pamoja Jumapili moja kwa mwezi, mkianza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi kabla ya saa tatu. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, vukeni feri ya Likoni mwelekee Ukunda, mpambane na upepo mkiwa na nguvu, uwasukume mkirudi. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, elekeeni Mtwapa kwa sababu hiyo hiyo. Msururu mmoja, mmoja mzoefu mbele na mmoja nyuma kabisa asiyepitwa na yeyote. Mkifika nyumbani futeni mnyororo, tieni tone moja la mafuta kila kiungo, kisha futeni yaliyozidi. Mafuta mengi hushika mchanga, na mchanga hula meno ya gia. Pimeni kutoka pini ya kwanza hadi ya 25: mnyororo mpya ni sentimita 30.5, ukipita 30.6 ubadilisheni kabla haujaharibu gia zote.

Baada ya hapo mahamri na mbaazi, na hapo ndipo mtamsikia aliyepoteza kazi, au yule ambaye hajatoka nyumbani wiki mbili.

Naomba pia kitu kwa wale waliomaliza kila kilomita. Aliyepandishwa gari kwenye mji wa Mackinnon Road kwa sababu ya joto ni mwenzenu sawasawa, na mara nyingi ndiye anayejua zaidi kuchanganya zege. Ikiwa kikao chenu kina maneno ya "sisi tulioendesha yote", yeye hatakuja mara ya pili. Hali kadhalika na wa safari za mwanzo kuwadharau wa safari za karibuni.

Masika yakiisha, Jumapili ya kwanza ya Juni, tukutane saa kumi na mbili asubuhi upande wa Likoni wa feri. Leteni ngazi mbili, nyundo, kilo mbili za skrubu za mabati zenye washa, burashi ya waya, na daftari la kuandikia kila nyumba na kila tundu. Kabla ya vuli, Oktoba mapema, tutarudi na daftari hilo hilo.

Mzee wenu,
Mji wa Kale, Mombasa