Mwanaisha, nchi zako ni thelathini na kitu tu

Mkomani, Mombasa

Shoga yangu Mwanaisha,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Sura yako ya tatu nimeisoma yote, na swali lako nimelipenda: je, nchi ambazo wananchi wengi wanakubali kuwa serikali ina haki ya kuwatoza kodi, ndizo zinazokusanya kodi zaidi zikilinganishwa na pato la taifa? Muuza mbatata wa Kongowea angekujibu kabla hujamaliza kuuliza, na jibu lenyewe usingeweza kuliandika kwenye tasnifu.

Lililonisumbua ni jedwali la mwisho. Umechukua data ya Afrobarometer, ule utafiti wa maoni ya raia wa Afrika, kila nchi watu 1,200 au 2,400, ukabandika kiwango cha kodi cha nchi nzima kwenye mstari wa kila mhojiwa, kisha ukafanya regresheni, ile hesabu ya kupima kitu kimoja kinabadilikaje kingine kikibadilika, ya makumi ya maelfu ya mistari. Nyota za kudai matokeo si ya bahati zitakosaje kujaa? Kiwango cha Kenya ni kimoja. Kukirudia mara 2,400 ni kumpandisha shahidi yuleyule kizimbani mara 2,400 na kudai una umati. Katika swali hili sampuli yako ni nchi, nazo ni thelathini na kitu.

Usikimbilie modeli za ngazi nyingi pia. Zile za kawaida zinaeleza jambo la mtu kwa kutazama nchi yake. Wewe unapanda kutoka kwa watu kwenda kwa nchi. Watafiti Croon na van Veldhoven waliliandikia hilo mwaka 2007: ukiweka wastani mtupu wa kila nchi kwenye regresheni, mteremko wa mstari wa regresheni unapotoka, kwa kuwa wastani huo wenyewe ni makadirio. Kwa watu 1,200, asilimia yako inaweza kupotoka kama pointi 3 juu au chini. Nchi zikipishana kwa pointi 40, si neno. Zikipishana kwa 5, mteremko unalala na utadhani hakuna kitu. Dawa yao ni kuuvuta kwanza wastani wa kila nchi kuelekea wastani wa jumla, ule usioaminika sana uvutwe zaidi. Na kabla ya hayo yote, tumia uzani wa sampuli, ule wa kusawazisha makundi yaliyohojiwa kupita kiasi au pungufu, sijauona popote.

Halafu ile sentensi ya "raia anayekubali kodi hulipa zaidi" ifute. Mwanasosholojia Robinson alionyesha mwaka 1950, kwa sensa ya Marekani ya 1930, kwamba la kundi si lazima liwe la mtu. Kwa majimbo, penye wazaliwa wa nje wengi palikuwa na wasiojua kusoma wachache, uhusiano (unaopimwa kati ya -1 na +1) wa -0.53. Kwa mtu mmoja mmoja ukageuka +0.12: mhamiaji mwenyewe ndiye aliyeelekea zaidi kutojua kusoma. Wahamiaji walikuwa wamekwenda kukaa kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wasomi, basi.

Nigeria na Angola zitazame peke yake. Serikali yenye mafuta haina haraka na mfuko wa raia, hata raia wawe radhi vipi. Ondoa nchi moja moja, urudie hesabu, uone mstari unayumba kiasi gani. Mitazamo nayo ichukue ya awamu ya nyuma ya Afrobarometer na kodi ya miaka iliyofuata, maana huenda ni kodi iliyojenga barabara ndiyo iliyowalainisha watu.

Nitumie mchoro wa nukta kwanza, majina ya nchi yakiwa juu ya nukta. Jedwali lisubiri. Msalimie mama.

Wako,
Zuhura