Nyuki wa pasheni wanakufa mchana

Mhariri,

Nalima pasheni za manjano hapa Kilifi, nusu ekari. Ua lake hufunguka adhuhuri, na lisipoletewa chavua ya mche mwingine huanguka tupu. Wanaoileta ni wale nyuki wakubwa weusi watoboao mbao. Nimewatundikia magogo makavu kando ya chanja.

Jumanne jirani alipiga dawa nyanya zake saa saba mchana. Jioni niliokota nyuki kumi na mmoja, wengine wangali wakitetemeka mbawa. Hawa hawana mzinga wala vibarua: kila jike hulisha wanawe peke yake, na akifa, shimo lake limekwisha. Nawaomba maafisa wa kilimo wafike vijijini watufundishe kupiga dawa jua likishazama.

Mkulima, Kilifi